Mwenyekiti na Korongo wa Kualikwa

Mwenyekiti alikuwa kinyozini, kichwa kimenyolewa nusu, redio iliposema kuwa wafadhili wanatoa ruzuku kwa vikundi vinavyotunza ardhioevu wanakotua ndege wahamiaji. Akainuka na shuka la kinyozi shingoni. Watu walimwita Mwenyekiti kwa sababu aliwahi kuongoza vikundi vingi, vyote bila mwanachama mwingine. Na nyuma ya nyumba waliyohamia juzijuzi, iliyojengwa kwa jasho la mkewe mshona nguo, kulikuwa na dimbwi la matete na mbu ambalo alilitukana kila alipoamka. Siku hiyo alilisalimia.

Ndege hawakuwepo, lakini hilo halikumnyima usingizi. Alibeba matumbo ya samaki kutoka sokoni, akayamwaga matopeni, na haukupita muda korongo wakajaa, wanasukumana kama watu waliosikia kuna cha bure. Uvundo uliingia mpaka kabatini. Mkewe alipouliza, alijibiwa kuwa mambo ya kitaalamu hayaelezeki kwa haraka.

Akatuma maombi, na mkaguzi wa wafadhili akaja, mama mtulivu mwenye buti za mpira. Aliwatazama korongo, akaridhika, kisha akasema ruzuku hutolewa kulingana na ukubwa wa eneo. Mwenyekiti akameza mate.

"Eneo lenu linaishia wapi?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono, na tamaa ikausukuma mbele, ukavuka matete, ukavuka kifusi kilichobeba nyumba yake mwenyewe.

"Mpaka pale kwenye lami, mama."

"Na ile nyumba katikati?"

Hapo mtu mwenye akili ya kawaida angekohoa kwanza. Mwenyekiti, ewe msomaji, hakuwa mtu wa kawaida.

"Ya mvamizi," alisema kwa uchungu. "Alimwaga kifusi juu ya mayai ya ndege, akajenga. Mtu hana haya kabisa."

Mkaguzi akasema basi nyumba itavunjwa, na atakayekutwa anaishi humo atalipwa fidia nono ili ahame. Mwenyekiti alitaka kuruka kwa furaha. Fidia kwa mkewe, ruzuku kwake, na vyote mfuko mmoja.

Ila mkewe alikuwa dirishani, futi ya kupimia nguo shingoni, na alikuwa amesikia kila neno. Mkaguzi akamuuliza mvamizi yuko wapi.

"Simtambui tena, mama. Humu naishi mimi na cherehani yangu." Akamtazama mumewe usoni. "Bwana huyu kasema kweli. Mtu hana haya kabisa."

Mwenyekiti akajifanya anahesabu korongo. Kusema huyu ni mke wangu ilikuwa ni kusema mvamizi ni mimi. Ilimuuma, tena sana.

Mke akalipwa, akapakia cherehani, akahamia mtaa usionuka; nyumba ikavunjwa. Ruzuku nayo ikafika: buti, darubini na kibanda cha mlinzi. Mwenyekiti ndimo anamolala sasa. Na kila asubuhi anakwenda sokoni kuomba matumbo ya samaki, kwa maana korongo wakihama, kibanda nacho kinachukuliwa.