Ombi la Kufutiwa Maziko Yangu

Donja Vrela, 14 Machi 1974

Ndugu Mkurugenzi wa Filamu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima, na lawama nakutupia wewe.

Ni Radojko Vasić, yule mfuga nyuki uliyenilaza ndani ya jeneza mwaka 1961, ulipokuja kijijini kwetu kupiga ile filamu ya mnyonya damu iliyotoka kwenye riwaya. Kazi yangu ilikuwa kufa tu, na nilikufa vizuri. Lakini mwigizaji wako wa kuwa padri alilewa chakari, ukamwita Padri Vitomir wetu wa kweli. Mzee wa watu hajui kuigiza. Alinisomea ibada nzima ya maziko, kwa jina langu la ubatizo, na wanawake wakaomboleza kwa machozi yao wenyewe. Kwetu ibada hiyo ikishasomwa haifutwi.

Madhara ni haya:

1. Kilabuni, kabla ya kunywa, watu humwaga tone la gongo ya plamu kwa ajili ya marehemu. Langu wanalimwaga miguuni pangu, "Pokea, Radojko!", kisha chupa inazunguka na mimi narukwa. Viatu vyangu vinakunywa kuliko mimi.

2. Jumamosi ya wafu wananiletea ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kuwakumbuka marehemu. Nikiila, sina adabu. Nisipoila, nina kinyongo.

3. Tangu filamu yako ionyeshwe kwenye televisheni, jirani yangu Obrad ameweka mlangoni kwake miba ya mchongoma, kinga ya wanyonya damu. Nilimuuliza kama ananiogopa. Akasema, "Sikuogopi, jirani. Lakini wewe mwenyewe una hakika?" Wiki nzima nilikuwa najikagua meno.

4. Hayo yote ni vumbi. Linaloniumiza ni hili: nampenda Milunka, mjane wa ng'ambo ya kijito. Nimemposa mara tatu. Jibu lake, "Radojko wee, nilikulilia mpaka sauti ikakauka, nikakutupia udongo kwa mkono huu. Leo mkono huu huu ukupikie supu?" Nina miaka hamsini na minane na nakula peke yangu. Inauma, Ndugu Mkurugenzi.

Kwa hiyo naomba uje na kamera unifukue rasmi, Padri akiwepo. Ikishindikana, filamu ionyeshwe kinyumenyume, Jumapili baada ya ibada: udongo urudi kwenye makoleo, machozi yapande machoni, nami nitoke jenezani mbele ya kijiji kizima. Hapo nani atabisha?

Wasalimie mama watoto, mpiga kamera, na yule mlevi pia. Simchukii.

Wako, aliye hai kwa kadiri ajuavyo,
Radojko Vasić

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Milunka barua hii. Amelia. Anasema, "Wakikufufua, siku moja utanifia. Nimezika waume wawili, wa tatu sitaweza. Wewe kilio chako nilishakimaliza. Kaa hivyo hivyo ulivyo, unioe." Harusi ni Jumapili. Nakusihi, ndugu yangu, usiguse kitu.