Udi wa Bibi Katika Nyumba ya Watu

Aibu ya leo sikuitafuta. Imenifuata yenyewe mpaka Jeddah, ikanikuta nimevaa kanzu ya kuazima na nywele nimezichana. Nawasimulia mimi mwenyewe kabla Mutua hajawasimulia, maana yule akitia chumvi, mchuzi unageuka bahari.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa maneno mengi. Hata haya naandika kwa kidole kimoja na hasira mbili.

Kwa wasionijua: mchana napanga mazulia dukani Al-Naseem, Riyadh. Jioni ni mwanafunzi wa muziki. Ustadh Fawaz anatufundisha muziki wa kale wa Hijazi, nyimbo ambazo hata babu yake alizikuta, pamoja na ngoma ya fimbo. Mimi najifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Wiki hizi tumekimbizwa kama mbuzi wa sikukuu. Harusi Riyadh, ukumbini Jeddah, shuleni Riyadh tena, halafu Jeddah tena. Tunalala garini, vichwa juu ya ngoma. Juzi mchezaji mmoja alizungusha fimbo ikanipata kwenye muundi, kisha akaniuliza kwa nini niliweka mguu pale. (Niuweke wapi? Nimezaliwa nao.)

Na katika pirika zote hizo sijapiga hata uzi mmoja mbele ya watu. Kazi yangu ni kubeba. Nabeba ganuni, nabeba ngoma, nabeba fimbo za watu wanaonipiga nazo. Sababu ni sharti la kundi letu: mwanafunzi hakai mbele na ala ya nyuzi mpaka Mzee Abu Talal amsikilize. Huyu ndiye aliyemfundisha Ustadh. Anaishi Jeddah, amezeeka, lakini masikio yake hayajazeeka.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusikilizwa. Mzee akikubali, Alhamisi nakaa mbele Riyadh. Akikataa, naendelea kubeba mpaka msimu ujao. Na mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimeshampigia Bibi yangu Mombasa nikamwambia Alhamisi ataniona kwenye video. Bibi akawaambia majirani. Majirani wakawaambia ambao si majirani. Mnaona mzigo niliokuwa nao.

Tulifika baada ya alasiri kwenye nyumba ya tajiri mmoja mtaa wa Al-Rawdah, anayependa nyimbo za zamani. Mutua, dereva wetu, Mkamba wa Machakos, aliliingiza gari mpaka uani ili tushushe vyombo, akaliacha palepale mlangoni, nyuma ya magari ya wageni.

"Mutua, hapa umeziba watu," nikamwambia.

"Buda, tulia. Hao wazee wamekuja kukaa mpaka chakula. Nimesota njaa tangu Taif. Nakula kuku hapo nje, narudi kabla hujaguswa na usingizi."

Akanisubiri nikaze nyuzi za ganuni ndani na kurudisha sanduku la vifaa garini, kisha akafunga gari, akaondoka na ufunguo.

Ndani kulikuwa kuzuri. (Zulia la mkono, si la mashine. Hayo nayajua.) Wazee walikuwa wameketi pande tatu za sebule, majoho mabegani, wanakunywa kahawa. Mzee Abu Talal alikuwa katikati, mkongojo mapajani. Wachezaji walikuwa chumba cha pili wakifunga mishipi. Ganuni yangu nilikuwa nimeshaikaza nyuzi zote na kuilaza juu ya meza ndogo, tayari. Nikarudi kusimama karibu na mlango, maana mahali penye watu wengi mimi husimama karibu na mlango.

Ustadh akaniona. Akanisogelea na kuninong'oneza.

"Uthman, usisimame kama nguzo. Wahudumie wageni. Waonyeshe adabu ya kwenu."

Hayo maneno yashikeni. Alisema adabu ya kwenu. Siku ya hesabu nitayarudia.

Sasa, adabu ya kwetu ni ipi? Kwetu Mombasa mgeni akishaketi, chetezo kinapita. Harusi, maulidi, hata mtu akija kuposa, unamfukiza anukie, ajue kwamba nyumba imefurahi kumwona. Bibi yangu hupika udi wake mwenyewe, na nilipoondoka alinipa mkebe. "Siku yako kubwa," alisema, "wafukize." Mkebe ulikuwa mfukoni. Kando ya birika la kahawa palikuwa na chetezo kizuri cha mbao na bati, na makaa mekundu pembeni yakisubiri. Nikajiambia: Athumani, kama si leo, lini?

Nikatia makaa. Nikatia vipande viwili vya udi. (Kimoja kingetosha. Udi wa Bibi si wa mchezo.) Moshi ukapanda, nami nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Abu Talal, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Nikainama vizuri.

Mzee akakitazama chetezo. Akanitazama mimi. Akamtazama mwenye nyumba, aliyekuwa anaongea na mtu na hakuona kitu. Kisha akavutia moshi kwenye ndevu, akasema, "Mungu awazidishie," akaegemea mkongojo, akasimama.

Nilifurahi. Nilidhani anauheshimu udi wa Bibi.

Nikaenda kwa wa pili. Naye akajifukiza, akashukuru, akasimama. Wa tatu hivyo hivyo. Nilipomaliza upande wa kwanza walikuwa wote wima, na mimi nasema moyoni, mashallah, hawa ni watu wanaojua thamani ya kitu. Upande wa mwisho hawakunisubiri, walisimama wenyewe. Mkubwa akisimama, nani atakaa?

Halafu wakaanza kutafuta viatu.

Kumbe huku udi ndio kwaheri. Mkishakula na kunywa, mwenye nyumba anawapitishia chetezo, na hiyo ndiyo namna ya kiungwana ya kuwaambia nendeni mkalale. Mtu akishafukizwa haketi tena. Na mimi nilikuwa nimewafukiza kabla ya chakula, kabla ya ngoma, kabla ya uzi hata mmoja. Nimewafukuza wazee katika nyumba isiyo yangu, kwa heshima zote.

Mwenye nyumba alizinduka akawakimbilia mlangoni. "Ketini, wallahi. Hamjala. Ngoma haijaanza."

"Umetukirimu, Mungu akubariki," wakamjibu.

"Nawaapia, ketini."

"Hapana, hapana, umefanya zaidi ya haki yetu."

Kadiri alivyowasihi ndivyo walivyozidi kushukuru, kwa sababu huku kila mwenye nyumba husihi hivyo hivyo na hakuna anayemwamini. Mmoja alimshika bega akamuuliza taratibu kama kuna msiba ndani.

Ustadh akanijia. Sijawahi kumwona mtu mweupe akiwa mwekundu kiasi kile.

"Uthman. Umefanya nini?"

"Adabu ya kwetu, Ustadh."

Alirudisha fidla yake kwenye kasha polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Sasa mimi nauliza, na naomba anijibu mtu mwenye akili timamu: ningejuaje? Mwaka mzima niko Riyadh, lakini niko kwenye chumba cha wafanyakazi Al-Naseem na wanaume watano. Pale nani anapitishiwa chetezo? Moshi wa pale ni wa dawa ya mbu, na hakuna aliyewahi kuondoka kwa sababu yake.

Hapo ingekuwa imeisha, ningelia kidogo chooni, halas. Lakini nje kulikuwa na gari la Mutua.

Wazee walitoka, wakakuta wamezibwa. Ustadh akampigia Mutua. Simu ikalia ndani ya gari. Tuliiona kupitia kioo, inachajiwa, inawaka, jina la Ustadh linacheza. Kurudi ndani hawawezi, wameshafukizwa. Kuondoka hawawezi, wamezibwa. Basi wakasimama uani na majoho yao katika joto la Jeddah, ambalo si joto, ni taulo lililochovywa maji ya moto. Wote wananukia vizuri kabisa.

Mzee Abu Talal akamwita Ustadh. "Fawaz, yule kijana wa ganuni uliyetaka nimsikilize ni yupi?"

Vidole vyote vikanielekea. Bado nilikuwa nimeshika chetezo.

"Huyu?" akasema Mzee. "Huyu si ndiye wa moshi?"

"Ndiye yeye," Ustadh akajibu, kama anayekiri deni.

"Basi alete ganuni. Kuketi hatuketi, lakini kusimama tunasimama."

Nikaileta mbio, nikaiweka juu ya katoni za maji ya chupa, nikapiga magoti. Nikavaa pete za kupigia. Wimbo niliujua kuliko jina langu. Mstari wa kwanza ukatoka safi. Nikamwona Mzee amefumba macho. Nikasema, Mungu mkubwa, nimeokoka.

Ganuni, kama hamjui, nyuzi zake zimebebwa na ngozi. Nyuzi nilikuwa nimezikaza ndani, penye kiyoyozi, pakavu kama Riyadh. Nje, ile ngozi ilikunywa unyevu wa Jeddah kama ngamia. Ikalegea, na nyuzi zikalegea nayo. Mstari wa pili ukaanza kuteremka. Wa tatu ulikuwa wimbo mwingine. Ufunguo wa kukazia nyuzi uko wapi? Kwenye sanduku. Sanduku liko wapi? Ndani ya gari. Gari limefungwa na nani? Msiniulize.

Nikaendelea, nifanyeje. Wachezaji wakatoka na fimbo zao kunisaidia, wakacheza hatua mbili, wakakosa pa kuweka ya tatu. Mpiga ngoma alicheka mpaka akapoteza mwendo. Paka wa nyumba alikuwa amelala chini ya dirisha. Akaondoka, na yeye wala sikumfukiza.

Nilipomaliza, wazee wakageukia magari yao. Ndipo Mutua akatokea getini na paja la kuku mkononi.

"Aiya, mbona mko nje? Imeisha?"

"Ondoa gari," Ustadh akamwambia.

"Nani amekufa?"

"Ondoa gari, Mutua."

Gari likaondoka. Mzee Abu Talal alipofika kwenye mlango wa gari lake akasimama. "Kijana."

"Labeka," nikajibu. Kiarabu chote kilikuwa kimenikimbia.

"Udi huu ameupika nani?"

Ustadh akanipiga kiwiko. Nikasema, "Bibi yangu."

"Mwambie udi wake ni mzuri sana."

Akaingia ndani, mlango ukafungwa. Basi. Wiki zote zile, vidole vimeota sugu, na aliyefaulu ni Bibi.

Gari likasogea kidogo, likasimama. Kioo kikashuka.

"Fawaz, Alhamisi nakuja Riyadh. Nitamsikiliza tena kabla ya onyesho. Ndani, palipo pakavu. Na asipewe moto."

Kwa hiyo sikukubaliwa na sikukataliwa. Nimeahirishwa. Njia nzima kurudi tulikofikia Mutua alinisemesha, na heri angenyamaza. "Manze, bosi wa jirani yetu ana mashemeji walikuja tangu Ramadhani, hawaendi. Twende na huo moshi wako tuwaokoe." Garini wote wakacheka. Mtu aliyefungia sanduku langu na simu yake garini ndiye anayenicheka mimi.

Bibi amepiga sasa hivi. Nimemwambia kwamba mwalimu mkubwa wa Jeddah ameusifu udi wake mbele ya watu. Amepiga kigelegele.

"Nilijua. Na ganuni je, mwanangu?"

"Mtandao mbaya, Bibi."

Basi, mmesikia. Atakayecheka nimemweka kumbukumbu. Ganuni nimeshaifunga kwa plastiki, na ufunguo wa nyuzi nimeuvaa shingoni kama hirizi. Alhamisi nakwenda. Mkebe wa Bibi nao naenda nao, mfukoni. Nikiona vidole vimeanza kunisaliti tena, nawapitishia wote waende makwao. Moto nitautafuta mwenyewe.