Guagua ya Kukodi Santiago

Jumatatu, 12 Januari

Nimezaliwa upya! Nimemaliza kozi ya bure ya mtandaoni ya kuandika makala zinazouza. Masomo matano kwa siku moja. Kweli, la nne, "Mjue Msomaji Wako", nimeliruka. Lilikuwa refu, na msomaji namjua. Ni mtu mwenye simu.

Na nimewahi! Leo mezani, tukila mangú, ndizi zetu za kuponda, shangazi Nurys katangaza kwamba anauza guagua. Guagua yake! Basi la viti thelathini aliloachiwa na marehemu mumewe, limeandikwa "Kipenzi" ubavuni kwa herufi za bluu. Abiria wameadimika, kila mtu siku hizi anapanda mabasi makubwa yenye viyoyozi. Don Belarminio wa mtaa wa pili ndiye anayeitaka. Atang'oa viti afugie kuku. Kuku!

Nimemwomba wiki moja. Tarehe ishirini na moja ni sikukuu ya Bikira Maria wa Altagracia, nusu ya nchi inakwenda Higüey kuhiji. Viti vyote vikijaa kufikia Jumatatu ijayo, guagua haiuzwi. Shangazi kakubali kwa sharti moja: nisiguse injini.

Jumanne, 13 Januari

Makala imetoka kwenye blogu yangu! Kozi inasema chagua neno kuu, lirudie mpaka mtandao usikie. Langu ni "guagua Santiago". Mji wetu kwa kirefu ni Santiago de los Caballeros, lakini kozi inataka ufupi, kwa hiyo nimekata mkia. Nimelirudia mara arobaini na moja.

Kichwa: "Guagua ya Kukodi Santiago: Safi, Imara, Haina Kelele!" Nanakili hapa sehemu niipendayo zaidi: "Kodi kwa siku au kwa wiki. Tunaiosha kwa mpira wa maji kila asubuhi. Ikigoma kuamka, wanaume wanne wanaisukuma. Ukiichoka, irudishe. Piga simu sasa!" Chini nikaweka namba yangu na ya shangazi. Machozi yalinilenga.

Deyanira, mwenye duka la kona, kaisoma kwenye simu yake. Kaniuliza, profesa (ndivyo anavyoniita), mbona hujasema inakwenda wapi? Nikamweleza kwamba huo ni ushamba. Siku hizi huuzi safari, unauza hisia. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wake wa bei, chini ya mayai: "Higüey. Jumanne ijayo alfajiri. Guagua ya Nurys. Barafu ipo. Dereva halewi. Majina kwangu." Ubao! Karne hii! Nimemwonea huruma.

Alhamisi, 15 Januari

Wasomaji elfu tisa! Maoni mia mbili! Sijalala vizuri kwa furaha.

Mama mmoja kauliza ina umri gani. Nikajibu miaka ishirini na miwili, lakini tumeibadilisha gia. Mwingine kauliza kama bado inanyonya. Sikuficha, mteja hadanganywi: inanyonya sana, hasa ikipanda mlima. Wa tatu kataka kujua, kwa ukali kidogo, tunailisha nini. Dizeli, nikasema, na oili mpya kila baada ya miezi mitatu. Kajibu kwa alama za mshangao kumi na saba. Huo ndio mvuto!

Viti vilivyojazwa na blogu: sifuri. Kozi inasema mteja huiva polepole. Ubao wa Deyanira una majina kumi na moja. Bahati tu.

Jioni nimemkuta shangazi ndani ya guagua, peke yake, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Kasema marehemu mumewe Tulio alimchumbia hapo hapo, kwenye kiti cha pili, mbele ya abiria wote, na abiria wakajibu ndiyo kabla yake. Roho imeniuma kweli. Nimerudi chumbani nikaongeza "guagua Santiago" mara kumi.

Jumamosi, 17 Januari

Redio! Redio ya Chile imenipigia simu! Chile, huko chini kabisa mwa bara! Mtangazaji wa kike, sauti tamu, kaomba kuongea na mwenye biashara, moja kwa moja hewani. Nikampa shangazi simu, nikaweka spika, nikaita mtaa mzima. Hata wacheza domino wa dukani kwa Deyanira waliacha mchezo.

Mtangazaji kauliza kama ni kweli anakodisha guagua. Shangazi, kifua mbele, kasema ni kweli, huu mwaka wa ishirini, na hajawahi kulalamikiwa. Kaulizwa anazo ngapi. Kasema zilikuwa mbili, lakini ya kwanza ilisumbua, akaiuza vipande vipande. Na hii iliyobaki? Shangazi kashusha pumzi, kasema hii ikikosa wateja kuna bwana mmoja ataitoa vitu vyote vya ndani aweke kuku.

Huko Chile mtu akapiga yowe. Simu ikakatika.

Deyanira alikuwa ameshakaa chini kwa kucheka. Ana dada anayeishi huko. Kwa Wachile, kasema, guagua ni mtoto mchanga. Mtoto mchanga! Na mji wao mkuu ndio unaitwa Santiago. Basi nimeutangazia mji wa watu kwamba nakodisha vichanga, naviosha kwa mpira wa maji na kuvinywesha dizeli.

Nikamuuliza, sasa wao basi wanaliitaje? Micro, kasema. Micro! Yaani kadude kadogo! Kitu cha viti thelathini! Watu wasiojua kuita vitu majina wasinilaumu mimi.

Shangazi hakucheka. Kasema we Radhamés, tangu juzi simu yangu inapokea matusi tu, kina mama wa parokia hawanipati, unaniua mwanangu. Kaniambia nifute makala leo leo. Nikaahidi. Kisha nikatazama: wasomaji elfu arobaini. Nani anafuta elfu arobaini?

Jumatatu, 19 Januari

Siku ya mwisho. Ubao: majina ishirini na nane. Blogu: sifuri.

Saa nne asubuhi Don Belarminio kaja na tepu, akaanza kupima guagua kwa ndani. Anasema kwa sauti viota vingapi vitakaa wapi. Shangazi kasimama mlangoni, macho mekundu. Kamwambia wamebaki wawili tu, Don, nipe mpaka jioni. Don kasema Nurys, ulisema mwenyewe thelathini. Shangazi akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo.

Ndipo likasimama gari la polisi. Kashuka sajini mnene na mama mmoja wa ustawi wa watoto, karatasi mkononi. Yamekuja malalamiko kutoka nje ya nchi, wanasema. Wako wapi watoto? Mimi nilikuwa chini ya kiti cha nyuma kabla hajamaliza kuuliza.

Deyanira kawaonyesha guagua kwa kidole. Mtoto mwenyewe huyo hapo, kasema, mbebeni. Sajini kaizunguka, kaipiga teke tairi, akaisoma makala yangu yote kwa sauti. Alipofika kwa wale wanaume wanne ilibidi aegemee guagua asianguke. Mama wa ustawi alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ile karatasi ya malalamiko.

Alipopata pumzi, sajini kauliza kwani inakwenda wapi hii. Shangazi kajibu kwa sauti ndogo: Higüey, kesho alfajiri. Sajini kavua kofia. Kasema mama yake ana nadhiri kwa Bikira, mwaka wa nne huu hajapata wa kumpeleka. Kachukua viti viwili.

Thelathini! Shangazi kapiga kelele kushinda honi! Kamkumbatia sajini, kamkumbatia Deyanira, kamkumbatia hata Don Belarminio na tepu yake. Mimi bado nilikuwa chini ya kiti, lakini nilisikia kila kitu.

Jumatano, 21 Januari

Higüey! Guagua imefika bila kusukumwa hata mara moja. Viti vilijaa vyote, kwa hiyo nimesafiri nimekalia sanduku la barafu. Mbele ya Bikira shangazi kalia, kashukuru watu kwa majina: Deyanira, sajini, mama wa sajini. Langu hakulitaja. Nadhani alikwama na kwikwi.

Nimepiga hesabu kwenye foleni ya basilika. Ubao ulileta ishirini na nane, na ishirini na nane hawakutosha. Wawili wa mwisho wameletwa na nani? Na makala yangu! Polisi wenyewe walikuja wakiwa wameishika! Kwa hiyo guagua nimeiokoa mimi. Nimemfafanulia Deyanira kwa utulivu. Kasema profesa, kawashe mshumaa.

Hata hivyo nakubali kosa, mimi si mtu wa kiburi. Kosa lilikuwa neno. Ukiandikia dunia, tumia neno ambalo dunia nzima inalijua. Baba mdogo Fremio ana shamba la machungwa, na machungwa sisi tunayaita china tangu enzi za mababu. Nani asiyejua china? Nimeandika makala nikiwa hapa hapa kwenye foleni, neno kuu mara sitini. Kichwa: "China Inauzwa! Nzima au Nusu, Tunaimenya Ukiwa Umesimama!"

Nimebofya saa sita na robo. Sasa hivi ni saa sita na nusu na ubalozi umeshaandika! Ubalozi mzima! Wanataka kujua ni nani aliyeniruhusu kuiuza. Nimewajibu ni baba mdogo, na kwamba wakichukua yote tutawapunguzia bei.