Kibuyu Nilichofukia Upande wa Mashariki

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Siku mbaya. Kikundi chetu cha ngoma kimekaa kikao bila mimi, kisha wakaniita nisikie uamuzi. Jumamosi ni sherehe ya kuwakaribisha wakimbizi wa Burundi waliofikia parokiani: ngoma, maonyesho ya vikapu na vyungu, pilau. Sisi Wagika tutacheza upande mmoja wa uwanja, wapinzani wetu Wagalu wa Mhoja upande wa pili, kwa wakati mmoja. Watazamaji wanakwenda wanakopenda, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wakihamia tena kwa Mhoja, uongozi wangu na ngoma kubwa vinakwenda kwa Sayi, shemeji yangu. Ngoma ya marehemu baba! Sayi alitazama chini kwa adabu. Mnafiki mkubwa. Sikula.

Jumatano, 3 Agosti
Akili imefunguka. Pilau! Tangu soko liwe huria na kila mwenye lori kununua pamba, mfanyabiashara Abubakari amenenepa, na ng'ombe wa sherehe ametoa yeye. Nikamwomba masufuria yakae nyuma yetu, upande wa mashariki. Akasema samahani sana mzee Josia, Mhoja alishapita jana. Masufuria yatakaa magharibi.

Alhamisi, 4 Agosti
Baiskeli hadi Zagayu kwa mganga Salu. Kanipa dawa ya mvuto ndani ya kibuyu kidogo. Nifukie tutakapochezea, nisimwambie mtu. Atakayecheza juu yake, watu watamganda. Nikauliza kama inashinda pilau. Akaongeza unga kidogo. Nimemlipa jogoo wa mke wangu. Klementina ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema mwewe. Akauliza mwewe gani wa kubeba jogoo yule!

Ijumaa, 5 Agosti
Nimefukia alfajiri, upande wa mashariki. Ninasawazisha udongo, nasikia "Mwangaluka!" nyuma yangu. Kumbe ni Nahimana, mzee wa wale wakimbizi, amekuja kufagia uwanja. Salamu yetu ameshaijua! Akauliza napanda nini. Nikasema natafuta siafu wasije wakawauma wachezaji. Akainama, akanisaidia kutafuta siafu mpaka jua likachomoza. Mtu mwema, anachosha.

Jumamosi, 6 Agosti
Nimeangamia. Afisa utamaduni kashika kipaza sauti: wageni hawawezi kusimama juani, watacheza mashariki kwenye kivuli cha ghala, Wagika wasogee karibu na vyoo. Nikapinga. Akauliza kwa nini. Uwanja mzima ukanitazama. Mhoja naye akauliza kwa nini, anatabasamu. Nilisogea.

Wageni hawana ngoma, zilibaki walikokimbia. Wakapiga madebe matupu ya mafuta. Nahimana akaimba kuhusu ng'ombe wake, akiwataja mmoja mmoja kwa majina, wanawake wakainua mikono juu kama pembe. Kisha watu wakamwacha Mhoja, sahani za pilau mkononi. Wakaniacha na mimi. Wachezaji wa Mhoja wakaenda. Wangu wakaenda. Sayi! Klementina, analia!

Tukabaki mimi na Mhoja, njuga miguuni. Akasema wale watu wanajua ng'ombe. Ng'ombe gani? Ni kibuyu changu! Ila mganga alisema nisimwambie mtu.

Jumapili, 7 Agosti
Kikundi kimesema kuachwa ni kuachwa, hata kama si kwa Mhoja; Sayi amechukua ngoma. Alishindwa kuifunga kwenye baiskeli, nikamfungia mwenyewe. Alipoondoka nilikaa pale ilipokuwa ikikaa. Inaniuma sana.

Jumanne, 9 Agosti
Alfajiri nimekwenda na jembe kufukua dawa yangu. Nahimana yupo! Kumbe parokia imewapa kipande kile walime mboga. Akafurahi kwamba nimekuja kuwasaidia. Nikalima hadi mchana, kibuyu sikukiona. Wanawake wakaniletea uji. Nahimana akaniambia hakuna mtu mwingine aliyekuja na jembe. Akaniomba niwe mwenyeji wa kikundi chao, niwafundishe nyimbo za huku, maana wanataka kucheza na majirani na hawajui pa kuanzia. Machozi yalinitoka. Vumbi pia lilikuwepo.

Jioni Klementina amesema leo, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, nimefanya jambo jema bila hila. Akanipakulia nyama. Nimekula nikimtazama.

Ni kweli kabisa. Na sasa nina wachezaji wanaovuta Bariadi nzima, Sayi ana ngoma tupu! Kilichobaki ni kuhakikisha hawachezi mahali pasipo na dawa. Kesho Zagayu. Safari hii nachukua vibuyu viwili, kimoja cha akiba. Klementina bado ana jogoo mmoja.