Kivuli cha Mfano

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Ruzuku Ndogondogo za Ubunifu wa Majengo ya Jamii inautangazia umma kwamba tangu ianzishwe haijapoteza hata ruzuku moja. Fedha zote zilizotengwa kwa ajili ya wananchi zipo salama, hazijaguswa na mwananchi yeyote. Mimi ndiye Mratibu Msaidizi, na katika mafanikio haya mkono wangu upo. Natoa taarifa hii ili kuzima uvumi wa mitaani kwamba tumefukuzwa ofisini. Hatujafukuzwa. Tumesogezwa karibu na wananchi, na nitaeleza jinsi tulivyofika karibu kiasi hiki.

Yote yalianzishwa na fundi cherehani mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaoishi jirani na zahanati. Mama huyu mdomo wake hauna breki. Alikuja na shemeji yake, seremala, aliyekumbatia kibanda kidogo cha mfano, cha maboksi na vijiti. Kilikuwa na paa, benchi, na hata mtu wa udongo aliyeketi akisubiri.

"Bosi," akaniambia, "pale zahanati wajawazito wanasubiri juani, wamejibanza ukutani kama nguo zilizoanikwa. Juzi mkwe wangu nusura aanguke. Tusaidieni mbao na mabati tu, kazi tutafanya wenyewe. Mtoto wa watu naye akae kivulini hata mara moja kabla hajajifungua."

Nikamweleza kwa upole kwamba Idara haitoi mabati. Idara inatoa uwezeshaji shirikishi wa miundombinu ya jamii, ambao ukishakamilika huweza kufanana na mabati.

Mheshimiwa Mkurugenzi aliuweka mfano ule mezani, akausogelea, akausogelea tena. Mheshimiwa ana macho makali, ndiyo maana hajawahi kuvaa miwani aliyoandikiwa na daktari.

"Mdogo," akasema. "Haujajieleza. Leteni mkubwa kidogo."

Wakaleta mkubwa kidogo. Huo ulienea meza nzima, na Kamati ikautafakari mpaka chai ikaisha. Ndipo kasoro ikaonekana: mtu hawezi kuingia. Seremala akajaribu kusema kwamba mfano si kitu cha kuingia, lakini Mheshimiwa akamkata kauli.

"Kamati haiwezi kuidhinisha jengo ambalo haijaliingia."

Nilipiga makofi. Wenzangu wakafuata.

Katika mfano wa tatu, Mheshimiwa aliingiza kichwa. Kichwa kiliridhika, mabega yakabaki na mashaka. Ilibidi seremala akate nguzo moja ili kikao kiendelee.

"Sasa bosi," fundi cherehani akaniambia, "mkitaka mkubwa kuliko huo, mlangoni haupiti."

"Haraka haraka haina baraka, mama. Ujengeni kulekule zahanati. Kamati itaufuata."

"Kwa mbao za nani?"

"Hayo ni maandalizi. Ruzuku haigusi maandalizi."

Alinitazama kuanzia juu hadi chini, kama ananipima sanda, halafu akaondoka. Nasikia walipita nyumba hadi nyumba. Huyu akatoa mlango wa zamani, yule akatoa nguzo za uzio. Fundi cherehani aliezua banda lake la kuku, na seremala akatoa mbao za kitanda alichokuwa akikitengeneza ili akiuze. Mfano wa nne ukasimama kando ya ukuta wa zahanati, ukubwa kamili, na benchi refu ndani.

Kamati ilikwenda kwa msafara wa magari. Mheshimiwa aliingia mzima mzima, akaketi, akaegemea, akalala kidogo kwa ajili ya tathmini. Alipoamka alitamka kwamba sasa mfano umejieleza.

Kina mama wakapiga vigelegele na kuanza kuingia. Hapo ndipo uzoefu wangu ulipohitajika. Kanuni ya Idara iko wazi: chochote cha mradi hakitumiki kabla kazi haijaanza rasmi, na kazi haianzi rasmi kabla ya idhini. Nikawatoa wote, nikazungushia kamba nyekundu, na kwa mwandiko wangu mzuri nikatundika bango: HUU NI MFANO. HAUKALIWI.

Mkwe wa fundi cherehani, tumbo likiwa limemtangulia, alisimama juani akilitazama lile benchi.

"Kwa hiyo hiki kivuli ni cha mfano?" mama mkwe wake akaniuliza.

"Kwa sasa, ndiyo."

"Na jua?"

"Jua haliko chini ya Idara yetu, mama."

"Na hili tumbo? Nalo lisubiri idhini?"

Swali hilo lilikuwa nje ya ajenda.

Siku zikapita, idhini ikawa mbioni, na kamba ikawa mahali pake. Kisha Mkaguzi akaja kutoka makao makuu, mama mwembamba wa maneno machache. Mheshimiwa hakusubiri hata anywe maji. Akampeleka moja kwa moja zahanati kumwonyesha mfano bora kuliko yote nchini, na huko akahutubia mpaka kola ikalowa jasho.

"Mbona hawa hawakai?" Mkaguzi akauliza, akiwaonyesha wajawazito ukutani.

Nikaisoma kanuni kwa sauti.

"Kanuni nzuri," akasema. "Nani aliitunga?"

"Mheshimiwa mwenyewe!" nikajibu. Mheshimiwa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Na mpaka leo Idara imeidhinisha miradi mingapi?"

Swali hili nilikuwa nimelingojea tangu niajiriwe. "Hata mmoja, mama! Hatujapoteza kitu."

"Kwa hiyo kazi yenu haijaanza rasmi."

Mheshimiwa alifungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta neno "uwezeshaji". Mkaguzi alikwishamgeukia fundi cherehani.

"Mama, hiki mmekijenga kwa mali ya nani?"

"Kwa mabati ya kuku wangu. Kuku wenyewe wanalala kwa jirani."

"Basi si cha Idara. Kaeni."

Akafungua kamba kwa mikono yake, na fundo langu lilipomshinda akatumia meno. Mkwe aliingia wa kwanza. Aliketi, akavua ndala, akanyoosha miguu, akafumba macho. Hata mimi roho ilinitulia, ingawa sikuagizwa.

Tuliporudi ofisini tulikuta jengo letu zima limezungushiwa kamba nyekundu. Mlangoni palikuwa na bango, na mwandiko niliutambua mara moja: ulikuwa wangu. Kupitia dirishani nilikiona kiti changu, kile kinachozunguka, na chupa ya chai iliyojaa. Mkaguzi, aliyetutangulia, alikuwa anapanda gari.

"Mtaingia kazi ikianza," akasema.

"Lakini mama, jua hili!" Mheshimiwa akalia.

"Jua haliko chini ya makao makuu."

Kwa hiyo umma unaarifiwa kwamba huduma zetu kwa sasa zinapatikana kibandani, zahanati. Tulipofika, seremala alinong'ona, "Mkuki kwa nguruwe," lakini fundi cherehani alitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Karibuni, kaeni," akasema. "Hapa hakuna idhini. Ila mwenye tumbo au mwenye mtoto akija, mnainuka."

Mheshimiwa alimjibu kwamba pendekezo hilo litafikishwa mbele ya Kamati.

Ninapoandika sentensi hii, mkwe amefika. Tumbo halipo tena, kifuani amelaza mtoto wa kike aliyeviringishwa shuka, mdogo kuliko jina la Idara yetu. Benchi limejaa. Fundi cherehani anatutazama tu. Mimi nimejifanya naandika. Mheshimiwa Mkurugenzi amelitazama jua, amemtazama mtoto, bila miwani, kwa umbali ambao hata yeye anaona.

Idara inapenda kusisitiza kwamba Mheshimiwa ameinuka kwa hiari yake.