Fizi za Mama na Daftari la Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Damu kwenye gauni la bibi harusi! Mama hukata uzi kwa meno, kazi yake yote ya ushonaji iko mdomoni. Leo fizi zilimtoka damu, tone likaangukia kifuani mwa gauni. Alishonea ua jeupe juu yake, akamwambia mteja ndiyo mtindo wa sasa. Mteja akataka maua matatu zaidi.

Mimi sikucheka. Kitabu cha maktaba kinasema fizi zilizovimba hupandisha sukari kwa mgonjwa wa kisukari, na sukari nayo huzidi kuharibu fizi. Nilimweleza Mama hayo yote huku nikiitazama birika, maana nikimtazama mtu usoni maneno hunikauka. Akasema daktari wa meno anajua koleo tu. Bibi aliingia kwake na meno ishirini, akatoka na leso. Shangazi, anayekaa nasi na kujua kila kitu, akasema maji ya chumvi yanatosha, na Profesa aende akaoshe vyombo.

Profesa ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa kwanza. Niliacha kitabu juu ya cherehani, wazi penye picha ya fizi zenye usaha. Mama ataiona, atashtuka, ataenda.

Nimerudi shule nimekikuta chini ya mguu wa meza. Anasema meza haiyumbi tena, nimefanya vizuri. Mkutubi ataninyonga.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili. Kila asubuhi namtoboa Mama kidole, nasoma kipimo, naandika namba kwenye daftari la kliniki. Kazi hiyo ni yangu kwa sababu ya mwandiko. Mama haoni namba bila miwani.

Namba zake ni nane, tisa, mara nane tena. Si nzuri, ila hazimtishi mtu. Leo nimeongeza moja mbele ya kila namba, wiki mbili nzima. Nane imekuwa kumi na nane. Jumatatu daktari atashtuka, atatafuta chanzo, atamfungua mdomo. Hapo tumemaliza!

 

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki. Vijiti vyao vya kupimia vimeisha, daktari akategemea daftari. Akasifu mwandiko, bila kuuliza ni wa nani. Akageuza kurasa, akaguna. Nikasubiri aseme mdomo. Akasema insulini iongezwe, tena sana.

Nilitakiwa kusema. Nilisimama kabisa! Nikafungua kinywa, nikasema asante daktari.

Njiani Mama aliniuliza amekosea wapi. Chai anakunywa kavu, mkate ameacha, sasa aache nini, mwanangu? Nikamwambia sijui. Shangazi akasema lazima anadokoa vitu usiku. Mama akalia barabarani, na kitambaa cha mteja mkononi.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 11 Machi
Sikuwahi kumwambia. Nimerudi shule nimesikia cherehani inakwenda mbio. Mama kanyagio anakanyaga, sindano inapanda na kushuka, kitambaa hakuna. Ametota jasho. Akaniita dada. Dada yake alishakufa.

Kipimo: mbili nukta moja. Insulini imeshusha sukari mno.

Jambo hili limo kwenye kitabu, najua kabisa. Nikapiga magoti, nikainua meza, nikachomoa kitabu, nikaanza kutafuta ukurasa. Wakati huo Shangazi amekwisha kukoroga sukari kwenye kikombe, amemkalisha, anamnywesha kidogo kidogo, huku akinipigia kelele nikaite gari.

Mkononi nilikuwa na ukurasa wa faharasa.

Alhamisi, 13 Machi
Wodini. Muuguzi alipokuwa akimsafisha Mama midomo aliona usaha, akamwita daktari wa meno. Hakuja na koleo. Alimchoma sindano ya ganzi, akakwangua uchafu chini ya fizi, upande wa kulia wote. Jino moja lililokuwa linacheza likatoka. Akamweleza kwamba uvimbe ule wa mdomoni ni kidonda kinachouchoma mwili mzima. Mama akasema hata mwanawe alimwambia hivyo. Moyo wangu ukajaa!

Halafu akaja daktari wa kliniki na daftari mkono mmoja, kipimo mkono mwingine. Kumbe kipimo hutunza kumbukumbu. Akauliza nani anaandika.

Mama alinitazama kama anavyotazama mshono uliokwenda upande. Kisha akasema anaandika yeye mwenyewe, macho yake mabovu. Daktari akamfokea mbele ya wodi nzima. Akamwambia angejiua. Mama akainamisha kichwa, akasema ndiyo daktari, amesikia.

Daktari alipoondoka, Mama aliniapisha. Nisiongeze tena namba hata moja. Nikaapa, nikalia kwenye shuka la hospitali. Sitasahau maisha yangu yote.

Jumapili, 30 Machi
Daftari sasa anashika Shangazi. Anaandika kwa penseli, mwandiko kama kuku amepita.

Upande wa kushoto wa mdomo bado. Daktari wa meno alimpangia Mama arudi Jumanne. Leo amesema harudi: amekwanguliwa, amepoteza jino, na sukari bado kumi na moja. Basi ya nini? Akakata uzi kwa meno. Uzi ukatoka mwekundu.

Nimefikiri sana. Mama anahitaji kutiwa moyo tu. Akiona sukari imeshuka atajua matibabu yanafanya kazi, atarudi mwenyewe, na daktari naye atafurahi pengine ampunguzie insulini. Kumi na moja itakuwa sita. Kwenye kipimo kuna kitufe cha kufuta kumbukumbu. Nimesoma maelekezo yote mara mbili.

Niliapa kutoongeza. Sitaongeza hata moja.

Nimeshapata kifutio.