Firigisi ya Bwana Kuroda

Jumapili, 11 Novemba 2018. Seoul

Kozi ya pampu imekwisha. Cheti ninacho. Kesho narudi Johannesburg. Imebaki kazi moja, nayo ndiyo kubwa: zawadi za ofisini.

Ofisi yetu ya Sandton ni ya Wajapani. Mtu akisafiri, hata akienda Durban tu, sharti arudi na kitu cha wenzake. Kip, mwenzangu wa mauzo, alikuja huku Agosti. Alirudi na biskuti ndogo, kila moja na karatasi yake, akazipanga kwenye meza ya kahawa. Kila mtu akachukua moja. Biskuti moja! Mtu avuke bahari kwenda kumletea bosi biskuti sawa na ya mpokea wageni!

Mimi nimelelewa Siaya. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Na mwenye boma letu, Bwana Kuroda, Ijumaa ya tarehe 23 atamtangaza msimamizi mpya wa mauzo. Tunaowania ni wawili, mimi na Kip. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye biskuti hulambwa kidogo tu.

Nimemnunulia jinseng, ule mzizi wao wa dawa, mzima, umelowekwa kwenye chupa ya asali. Una miguu kama mtu. Umelazwa kwenye sanduku lenye kitambaa cha hariri. Umemaliza fedha yote ya zawadi, kwa hiyo wengine sikuwanunulia kitu. Watafurahi kuniona.

Moraa amepiga simu. Anasema ninunue vitu vidogo, sawa kwa wote, na nisimsahau Bi Hasegawa anayenishikia kazi yangu. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, anapenda kugawanya. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumatano, 14 Novemba

Nimekabidhi. Mbele ya watu wote, ili Kip aone. Bwana Kuroda alipokea kwa mikono miwili, akainama. Nami nikainama. Akainama tena. Hakutabasamu, lakini wakubwa hawatabasamu ovyo.

Wengine walitazama kompyuta zao. Bi Hasegawa aliitazama meza ya kahawa, ambayo haikuwa na kitu, kisha akaniletea faili la mgodi wa Rustenburg. Pampu yao ilikufa nikiwa Seoul. Alishinda Jumamosi nzima nao kwenye simu mpaka ikafufuka. Nikamwambia sharp, yaani sawa, nikaweka faili kando.

Alhamisi, 15 Novemba

Balaa. Nimeingia asubuhi, nikaikuta firigisi mezani.

Bwana Kuroda ameufungua mzizi wangu, ameukatakata vipande vyembamba, miguu na yote, akauweka kwenye sahani karibu na kahawa. Pembeni kikaratasi: kutoka kwa Owuor, kwa ofisi nzima. Akanieleza kwa upole kwamba kitu kikubwa namna ile hakiwezi kuwa cha mtu mmoja. Ikabidi kila mtu ale. Ni mchungu, asali au si asali. Wajapani walitafuna kwa heshima. Kip alikula vipande viwili akasema ni vitamu, huku machozi yakimlengalenga.

Mchana Bwana Kuroda akaja na boksi la chai ya kwao, ya hali ya juu, akaniinamia tena. Shukrani! Nikamwonyesha Kip. Kip haachi kunifundisha. Akasema kwa Wajapani ukipewa kikubwa huna budi kurudisha, kwa hiyo nimemtia bosi gharama, na wenzangu nimewaonyesha kwamba si kitu kwangu. Nikamwambia ana wivu. Nimekunywa chai. Ni nzuri, lakini kikombe sikukimaliza.

Jumamosi, 17 Novemba

Mpango mpya. Kuna duka la Wakorea kule Rivonia. Nikachukua peremende za ufuta, pakiti ndogondogo, maandishi yote ya Kikorea. Nani atajua nilizibeba kwenye ndege au kwenye Toyota? Nitasema sanduku langu la pili lilichelewa uwanjani.

Nikageuka na kikapu changu. Bi Hasegawa huyo hapo, na kabichi mkononi. Kumbe hununua mboga zake hapo kila Jumamosi.

Nikasema eish, joto leo. Akasema ndiyo, joto. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Akakitazama kikapu, akainama, akaenda kusimama nyuma ya rafu ya mchele mpaka nikaondoka, ili iwe hakuniona. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 19 Novemba

Nilifika mapema kuliko wote. Nikapanga peremende, nikaandika kikaratasi: kutoka Seoul. Nikaenda msalani kujitazama kwenye kioo.

Niliporudi, Bi Hasegawa alikuwa mezani, amenipa mgongo, anazigeuza pakiti moja moja. Chini ya kila pakiti kulikuwa na kibandiko cha bei, kwa randi, pamoja na jina la duka. Mimi sikuviona. Yeye alikuwa anavibandua kwa kucha, taratibu, bila kuchana karatasi, anavitia mfukoni mwa koti lake. Alipomaliza akapanga pakiti upya, vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Akachukua moja akarudi kwenye dawati lake.

Nilijibanza nyuma ya mlango. Mtu mzima na tai yake.

Wenzetu walikuja, wakachukua, wakashukuru. Hakuna aliyeuliza lolote. Mimi nikafungua droo yangu. Kila anaposafiri, Bi Hasegawa huniachia kitu: keki ndogo, kitafunwa kitamu cha maharagwe, na jina langu ameliandika kwa mkono. Vikaratasi vyake bado vimo humo. Alinikumbuka kila mara. Mimi nimefika Seoul, nimekumbushwa kwa simu, na bado nimemsahau. Hili limeniuma kuliko cheo. Nilitaka kumwambia asante, nikashindwa, maana kumshukuru ni kumwambia nimemwona, naye alifanya vile ili nisimwone.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja upesi.

Ijumaa, 23 Novemba

Ni Kip.

Bwana Kuroda alisema msimamizi ni mtu anayewafikiria wale anaowaacha ofisini. Hakunitazama alipokuwa akisema. Baadaye Kip akanieleza, bila ubaya, kwamba Bi Hasegawa aliulizwa habari zetu sote wawili. Kuhusu mimi alisema kwamba Owuor hufika kazini mapema sana. Nadhani alitafuta jambo jema ambalo si la uongo, akapata hilo.

Nilimpongeza Kip. Alikuwa ameleta biskuti, moja kwa kila mtu. Nilichukua yangu nikaila nimesimama.

Nyumbani Moraa hakusema kwamba alinionya. Alipika kuku, akaniwekea firigisi juu ya ugali. Niliitafuna kwa muda mrefu.

Jumapili, 25 Novemba

Nimetafakari ibada nzima, mchungaji anisamehe. Nimeliona kosa langu, nalo ni moja tu: firigisi nilimpa mtu asiyestahili.

Krismasi tunakwenda Kisii kwa wakwe. Nitamletea Bi Hasegawa kiboko wa jiwe la Kisii. Si yule mdogo wa kukandamizia karatasi, hapana. Mkubwa, wa kubebwa na wanaume wawili. Nitamkabidhi mbele ya watu wote, Bwana Kuroda aone, Kip aone. Atajua kwamba sikumsahau. Atakosa pa kumweka, lakini atajua.

Moraa akaniuliza, na wale wengine? Nikamwambia asihangaike. Pale Rosebank, hapa hapa Johannesburg, kuna soko la vinyago, vya Kenya wanavyo, nitapitia kabla hatujasafiri.

Na safari hii vibandiko nitavibandua mwenyewe.